Barua ya wazi kwa wakubwa wa michezo na elimu: msingoje Bradha Colm aondoke ndo mkuje Iten na hotuba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo, Mheshimiwa Waziri wa Elimu, wakubwa wa TSC (tume ya kuajiri walimu), wazee wa Athletics Kenya, na Gavana wetu wa Elgeyo Marakwet.

Waheshimiwa, salamu nyingi kutoka huku juu. Ninaandika hii barua ni saa moja asubuhi, baridi ya Iten mnaijua, na hapa kando ya barabara ya kuelekea Eldoret makundi yashaanza kupita, watu ishirini, thelathini, wengine wanapumua moshi mdomoni kama ng'ombe alfajiri, na katikati yao kuna watoto wa shule waliochelewa na hao wanakimbia tu na begi mgongoni. Mimi ni mwalimu wa kawaida. Nafundisha hesabu na jografia kwa sekondari ya kutwa, jioni ndo naangalia watoto wakikimbia. Sina cheo na sina kempu ya mazoezi, na hakuna mwanariadha mkubwa ananijua. Lakini kuna kitu kimenikaa kifuani na nimeona nikiandikie ofisi moja moja nitazeeka nikingojea majibu, afadhali niseme hapa wote msome pamoja.

Nataka kuongea juu ya Bradha Colm O'Connell, yule mtawa na kochi wa pale shule ya wavulana ya St. Patrick's, Iten.

Najua mnamjua. Mnapokuja Iten mnapiga picha chini ya ule upinde wa barabarani ulioandikwa huu ni mji wa mabingwa, na nyinyi wengine mmeshaingia hadi pale St. Patrick's mkamsalimia. Hiyo ni sawa. Lakini kumjua mtu na kujua ni nini alifanya ni vitu viwili, na mimi naona kama hicho cha pili tumekiacha kipite, alafu siku moja tutajikuta kwa hema tukisomewa wasifu na mabasi yamepaki mpaka kwa lami. Mimi sitaki kuandika tanzia. Nataka kuandika sasa, akiwa anaweza kusoma.

Hii historia wengi wanaijua nusu. Mwaka 1976 kijana kutoka Ireland, bradha wa shirika la Mtakatifu Patrick, anatumwa Iten kufundisha jografia. Miezi mitatu tu. Ndio mkataba ulivyokuwa. Hakuwa kochi, hakuwa amesomea riadha popote, na mwenyewe amekuwa akisema bila kuficha kwamba hakujua chochote kuhusu kukimbia. Pale shuleni alimkuta mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster yule aliyechukua shaba ya mita 10,000 Montreal mwaka huo huo wa 1976, na huyo Peter ndo alikuwa anashika mambo ya riadha. Peter akaondoka akarudi kwao, saa ya kupima mbio ikabaki mkononi mwa mwalimu wa jografia.

Na tuseme ukweli, hakukuta shamba tupu. Shule ilianzishwa 1961 na wavulana walikuwa wanakimbia kabla yake. Mike Boit alipita hapo, na shaba yake ya mita 800 ilikuja Munich 1972 wakati Bradha hajawahi hata kukanyaga Kenya. Hii naisema kwa sababu kuna watu wakisikia tunamsifu Mzungu wanadhani tunasema yeye ndo alitufundisha kukimbia. Hapana. Kukimbia kulikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni mtu mzima wa kukaa na hao watoto mwaka baada ya mwaka, awaangalie, ajue huyu anakimbia na bega limepinda, huyu nyumbani hawana kitu ndio maana amekonda, huyu anaweza lakini ameshaanza kujiona. Bradha alijifunza ukochi kwa kuangalia wavulana wenyewe na kuwauliza. Mwalimu anauliza wanafunzi, fikiria hiyo, miaka ya sabini, kwa bodingi ya wavulana.

Alafu mkataba wa miezi mitatu ukaisha na yeye hakuenda. Mwaka ukaisha hakuenda, muongo ukaisha. Na kwa hiyo miaka alikuwa pia mkuu wa shule, yaani mtu anabeba karo, chakula, nidhamu, wazazi wanaokuja ofisini na mahindi badala ya pesa, matokeo ya mitihani, na jioni ikifika anatoka kwa ile ofisi anaenda uwanjani. Mimi hapa ndo huwa nasimama nikashangaa zaidi kuliko kwa medali. Wakuu wa shule ninaowajua mimi, na ni watu wazuri, wengine marafiki zangu, saa kumi jioni bado wamezungukwa na makaratasi, na ukiwaambia habari ya timu wanakuangalia kama mtu aliyekuja kukopa. Siwalaumu. Wanapimwa na kitu kimoja tu, wastani wa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na hakuna mahali popote kwa ile fomu ya kuwapima pameandikwa ni watoto wangapi umewashika mkono.

Matunda mnayajua lakini acha niyataje kwa sababu kuna vijana wanasoma hii na hawakuwepo. Ibrahim Hussein alisoma pale, akashinda New York 1987, akashinda Boston 1988 na tena 1991 na 1992, Mwafrika wa kwanza kushinda hizo marathoni mbili. Peter Rono, kijana wa Nandi, miaka 21 tu, Seoul 1988, mita 1500, amekaa mbele na wale watu wakubwa wa Ulaya wako nyuma yake wanangoja achoke, na hakuchoka, 3:35.96, dhahabu. Matthew Birir, Barcelona 1992, dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Wilson Boit Kipketer bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo 1997. Na yule Wilson Kipketer mwingine, aliyeenda Denmark akakimbilia huko, mwaka huo huo wa 1997 akaweka rekodi ya dunia ya mita 800, 1:41.11. Ile rekodi ilikaa miaka 13 na ilipokuja kuvunjwa 2010 ilivunjwa na kijana mwingine aliyepitia mikono ya huyo huyo mwalimu. Rekodi ya dunia ilitoka kwa mtoto wake mmoja ikaenda kwa mtoto wake mwingine. Mwalimu wa jografia!

Lakini mimi kitu kinanigusa zaidi ni mwaka 1989. Huo mwaka, shule zimefungwa, Bradha akaanzisha kempu ya likizo na akaita wasichana. Shule ya wavulana, inaongozwa na mabradha, na anaita wasichana waje wafanye mazoezi. Hebu rudini nyuma mfikirie huku kwetu wakati huo. Msichana wa miaka kumi na nne akimaliza darasa la nane wengine nyumbani wanahesabu ng'ombe. Kukimbia kwa msichana kulikuwa ni kwenda kisimani na kurudi. Na hakuna mwanamke Mkenya hata mmoja alikuwa ashawahi kuleta medali ya Olimpiki, hata moja, ya kwanza ilikuja 1996 Atlanta, fedha ya Pauline Konga mita 5000, na dhahabu ya kwanza tukangoja hadi Pamela Jelimo 2008 Beijing. Kwa hivyo 1989 huyu mtu alikuwa anapanda mbegu kwa shamba ambalo wenye shamba wenyewe walikuwa wanasema halimei. Kwa zile kempu, miaka iliyofuata, walipita watoto kama Lydia Cheromei ambaye 1991 kule Antwerp alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za nyika akiwa na miaka 13, wakapita kina Janeth Jepkosgei aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 Osaka 2007, Edna Kiplagat aliyebeba marathoni ya dunia mara mbili, 2011 na 2013, Vivian Cheruiyot ambaye Rio 2016 alitufanya tulie kwa furaha sebuleni. Mama yangu mzazi, ambaye mimi na dada yangu tulipokuwa wadogo alimkataza dada kukimbia ati atakosa mume, ile usiku ya Vivian alikuwa amesimama mbele ya tivi na leso mkononi anapiga kelele kuliko sisi wote. Dada yangu alikuwa hapo. Hakusema kitu, alimwangalia tu mama. Sijawahi kusahau ile sura.

Dada yangu alikuwa na mbio, wakubwa. Alikuwa na mbio kunishinda mimi.

Sasa nije kwa ninachotaka kusema. Kila mwaka wanakuja watafiti na kamera kutoka nje, wanauliza siri ni nini. Wanapima damu, wanapima urefu wa miguu, wanapima hewa ya mita 2400, wanapika ugali kwa maabara. Na sisi tumeanza kuamini hiyo lugha, ndio maana mkipanga kuendeleza riadha mnapanga majengo. Hosteli, jimu, kituo cha kisasa. Majengo ni sawa, siyakatai, na nitasema kitu kuhusu uwanja wa Kamariny hapa chini. Lakini kile kilitokea St. Patrick's hakikuwa jengo. Ile traki ya shule ni ya udongo, nyasi katikati, na yeye mwenyewe anaishi kwa nyumba ndogo ndani ya uwanja wa shule. Kilichotokea ni kwamba mwalimu mmoja aliachwa akae mahali pamoja muda mrefu wa kutosha mpaka watoto wakamwamini na yeye akawajua. Ni hicho tu. Na ndicho kitu sisi kwa mfumo wetu tumekifanya kiwe kigumu kabisa.

Mwaka 2018 ile sera ya kuhamisha walimu na wakuu wa shule mbali na kwao ilipokuja, ilikuwa na sababu zake, walisema ni umoja wa taifa na kupunguza ukabila shuleni, na baadaye ikaja kuondolewa. Lakini hebu jiulizeni, kama Bradha angekuwa chini ya ile sera, 1979 angekuwa amepelekwa pwani, 1984 magharibi, 1988 wakati Rono anashinda angekuwa anafundisha ramani kwa watoto wa mahali pengine kabisa. Mimi niliguswa. Nilikuwa kwa shule fulani, sitaitaja, miaka sita. Nilikuwa na watoto tisa wa mita 800 na 1500, nilikuwa nawajua hadi kwa mama zao, na barua ya uhamisho ikaja katikati ya muhula, wiki mbili kabla ya mashindano ya kaunti. Niliomba nipewe hizo wiki mbili tu. Nilijibiwa kwamba kama ni michezo kuna mwalimu mwingine atashika. Hakuna aliyeshika. Mmoja wa wale watoto nilimkuta mwaka jana Eldoret anaendesha bodaboda, akanibeba akakataa pesa yangu, akaniambia mwalimu ulituacha. Nilijaribu kumweleza. Unamwelezaje mtoto habari ya barua ya TSC?

Kwa hivyo ombi langu la kwanza na ndilo kubwa, hata yale mengine mkisahau hili mlishike. Mwalimu anayekochi watoto, na inajulikana anakochi kweli, aachwe akae. Iwe imeandikwa. Na ile kazi yake ya saa kumi hadi saa kumi na mbili ihesabiwe kuwa kazi, ionekane kwa fomu ya kupandishwa cheo, isiwe ni kitu anafanya kwa huruma yake na nauli yake. Saa hii mtaala mpya umeleta njia ya sanaa na michezo huko sekondari ya juu, na mimi nimefurahi kwa dhati, nimeusoma wote, lakini nawauliza wakubwa wa elimu, hao watoto watafundishwa na nani? Lile somo la PE, la mazoezi ya mwili, tumelizoea kama kipindi cha kumalizia hesabu, na nakiri mimi mwenyewe nimeshalitumia hivyo Fomu Four wakikaribia mtihani. Huwezi kubadilisha hiyo kwa kitabu kipya tu. Unahitaji mtu.

Na mtu anahitaji muda. Mnisamehe nikae kidogo kwa David Rudisha kwa sababu kila mtu anakumbuka London na hakuna anayekumbuka ilichukua nini. Kijana wa Kimaasai kutoka Trans Mara, baba yake mzee Daniel alikuwa kwa ile timu yetu ya kupokezana ya mita 400 iliyochukua fedha Mexico 1968, na mtoto alipofika Iten alikuwa anafikiria mita 400 na hata yale mashindano ya michezo kumi. Bradha ndo alimwambia ajaribu 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mfumo wetu wa leo ungemaliza kazi hapo, mtoto ana medali, ajenti ameshafika na mkataba, kesho yuko Ulaya anakimbia kila wiki mpaka goti liseme basi. Lakini angalieni kilichofuata. 2008 aliumia, akakosa Olimpiki ya Beijing. 2009 kwa mashindano ya dunia Berlin hakufika hata fainali. Miaka mitatu mtu anaambiwa ana kipaji na hana medali ya Olimpiki wala ya dunia ya wakubwa ya kuonyesha, na pembeni yake kuna mzee mmoja na kofia yake ambaye hana haraka. Agosti 2010 rekodi ikavunjika mara mbili kwa wiki moja, 1:41.09 Berlin alafu 1:41.01 Rieti. Na tarehe 9 Agosti 2012 London, hakuna wa kumvuta, alitoka mbele tangu mwanzo mpaka mwisho, 1:40.91. Yule aliyemaliza wa mwisho siku hiyo, wa nane, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Beijing, ungempa dhahabu Athens, ungempa dhahabu Sydney. Wa mwisho! Nimewaonyesha wanafunzi wangu ile mbio labda mara arobaini na kila mara kuna mtoto mmoja ananyamaza tu.

Na Rudisha akarudi Rio 2016 akashinda tena. Na wakati huo wote alikuwa na kochi mmoja, aliyemkuta akiwa mtoto wa shule.

Mimi nafikiri huo utulivu una uhusiano na ile nadhiri. Bradha ni mtawa, aliweka nadhiri ya ufukara, hajengi ghorofa Eldoret, hana mke wala watoto wa kulipia karo. Siwezi kumwambia mwalimu wa Kenya aishi hivyo, mimi mwenyewe nina watoto watatu na mkopo wa sako. Lakini ndio maana nasema ni lazima serikali ibebe kile ambacho yeye alibebewa na shirika lake. Kochi wa watoto asiyekuwa na njaa anaweza kumwambia mtoto ngoja. Mwenye njaa hawezi, atamuuza kwa wa kwanza mwenye bei. Haya mambo ya dawa haramu ambayo yametuaibisha hadi tukatunga sheria na kuunda shirika la kupambana nayo 2016, mnafikiri yanaanzia wapi? Yanaanza pale kijana wa miaka kumi na tisa anaambiwa na mtu mwenye haraka kwamba msimu huu ndo wa mwisho kwake. Miaka kumi na tisa.

Sasa wasichana. Hapa nitasema wazi na msinikasirikie. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake hapa Iten. Alikuwa na miaka 25. Mwezi mmoja tu kabla alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao, 30:01, huko Ujerumani. Tulizika, tulilia, viongozi walisema maneno mengi kaburini, wenzake wakaanzisha Tirop's Angels, kundi la kupinga ukatili kwa wanawake, na hao wanafanya kazi mpaka leo, Mungu awabariki. Lakini nawauliza, ni nani anajua hapa Iten leo kuna kempu ngapi? Ni nani anajua kwa kila kempu kuna wasichana wangapi walio chini ya miaka 18, wanalala wapi, mwenye ufunguo wa hiyo nyumba ni nani? Mimi mwenyewe nilimpoteza mwanafunzi. Hakufa, ashukuriwe Mungu. Alikuwa Fomu Two, mpole, anakimbia 3000 kama upepo, akaja mtu anajiita kochi akamwambia shule itamchelewesha, akamchukua kempu, na mzazi alipewa pesa kidogo akanyamaza. Nilienda ofisi mbili. Ya kwanza waliniambia hilo ni jambo la familia, ya pili waliniambia niandike barua. Niliandika. Aliporudi kwao alikuwa na mtoto mgongoni na mbio zimeisha.

Mkitaka kuona tofauti, kumbukeni zile kempu za 1989 zilivyokuwa. Likizo ya Aprili, Agosti, Desemba, mtoto anakuja, anakimbia, shule zikifunguliwa anarudi darasani. Ndani ya uwanja wa shule, chini ya mwalimu anayejulikana jina na mahali analala. Kempu ilikuwa inafuata shule, siku hizi shule ndo inaambiwa ifuate kempu. Ninaomba, Mheshimiwa Waziri na Mheshimiwa Gavana, muwe na orodha. Kempu yoyote yenye mtoto isajiliwe, iwe na shule inayoisimamia, iwe na mama mmoja mtu mzima wa kukaa na wasichana, na ikaguliwe na mtu asiyekula chai ya mwenye kempu. Hii haihitaji bajeti kubwa, inahitaji daftari na gari moja.

Kamariny nilisema nitaigusa. Wageni hawajui, kwa hivyo niwaambie: ni uwanja wetu wa zamani, wa tangu enzi za mkoloni, umekaa pale ukingoni kabisa, ukikimbia kona ya mbali unaona Bonde la Kerio lote liko chini yako na mawingu yako chini pia. Vizazi vyote vilifanya traki pale kwa udongo. Ukafungwa ukarabatiwe, tukaambiwa itakuwa tartani na majukwaa, tukafurahi, tukasubiri, na miaka ikapita nyasi ikamea kwa kazi iliyosimama. Kila uchaguzi uwanja unafufuka, kila baada ya uchaguzi unalala tena. Watoto wangu hawajawahi kukimbia pale hata siku moja, na kuna mtoto amezaliwa, ameanza shule, ameanza kushinda mashindano ya wilaya, na hajui Kamariny ni nini. Sisi walimu tunapeleka watoto barabarani kwa murram, lori la mawe likija tunawaambia ingieni kwa mtaro. Siku za fartlek, yale mazoezi ya kubadilisha kasi, Alhamisi, ile kundi kubwa likipita vumbi inapanda mpaka huoni aliye mbele yako. Malizeni. Na mkimaliza, wekeni saa za watoto wa shule kuingia bure, iandikwe kwa lango, isije ikawa ni uwanja wa kulipia kama tunavyoona kwingine.

Nimalizie na miti. Pale St. Patrick's kuna desturi, mwanafunzi akiwa bingwa anapanda mti uwanjani na jina lake linawekwa. Ukipita kuna mti wa huyu, mti wa yule, mingine imekuwa mikubwa, inatoa kivuli, wavulana wanakaa chini yake wanasoma na wengine hawajui hata aliyeupanda. Huwa napeleka wanafunzi wangu pale mara moja kwa mwaka kwa ruhusa ya shule, tunatembea tu. Mwaka jana kulikuwa na msichana mmoja, wa pili kutoka mwisho kwa mbio zake, si bingwa hata kidogo, akaniuliza, mwalimu, mti wa Bradha uko wapi? Nikatafuta, nikazunguka na yeye. Labda upo na mimi sikuuona. Nikamwambia, hii miti yote ni yake.

Mwaka 2019 shirika la riadha la dunia lilimpa tuzo ya ukochi huko Monaco. Dunia imempa. Sisi tumpe nini? Mimi sipendekezi sanamu. Sipendekezi barabara iitwe jina lake, barabara zenyewe hamzimalizi. Napendekeza mchague shule kumi, kumi tu kwa kuanzia, si Iten peke yake, chukueni na Marakwet chini bondeni, Pokot, Samburu, Kisii, Taita, Turkana, kila shule mwalimu mmoja anayependa watoto na anajulikana, muandike kwa barua kwamba huyu hatahamishwa miaka kumi bila yeye kutaka, mumpe saa mbili kila jioni zihesabiwe, mumpe pesa ya maziwa na viatu vya watoto thelathini, na likizo mumruhusu aweke kempu ndani ya shule. Alafu mumwombe Bradha, akiwa bado na nguvu, akae na hao walimu kumi wiki moja pale kwa traki yake ya udongo, awaonyeshe jinsi ya kuangalia mtoto akikimbia. Hicho ndo kitu anacho na hakiko kwa kitabu, na hatuna muda mrefu wa kukichukua.

Mimi niko tayari kuja ofisini kwenu, Nairobi au hapa kaunti, na nitajilipia nauli. Shule zinafungwa mwisho wa mwezi na nina watoto kumi na mmoja ambao wanataka kukaa wakifanya mazoezi likizo, wasichana saba. Mkuu wangu wa shule amekubali tutumie darasa mbili kulala na mama mmoja wa jikoni amejitolea kukaa na wasichana. Kilichobaki ni kibali kutoka kwenu, kipande kimoja cha karatasi na muhuri. Naomba mnijibu kabla hawajafunga.

Wenu,
Mwalimu wa sekondari ya kutwa, Elgeyo Marakwet